Mbaazi Zilizogoma Chini ya Taa

Chapchap hakupewa jina hilo na watu wa kazini, ingawa wao ndio waliolitumia mpaka likachakaa. Alipewa na baba yake siku ile ile aliyozaliwa, miezi miwili kabla ya wakati, mama yake akiwa hajanunua hata kipande cha kitambaa cha kumfunikia. Baba alikuwa fundi cherehani. Alikitazama kile kitoto kilichojaa kwenye kiganja, akatikisa kichwa na kusema, "Huyu kaja kabla hatujamkaribisha. Chapchap kweli kweli!" Jina likamganda. Akatembea kabla ya wenzake, akasema kabla ya wenzake, na shuleni akawa anajibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, mara nyingine akajibu swali ambalo halikuulizwa kabisa.

Kwa hiyo usishangae kwamba binti huyo alipokwenda kusomea mimea alichagua jambo moja tu: namna ya kuifanya iwahi. Iwahi kuchanua, iwahi kukomaa, ivunwe mvua haijafunga virago. Akasoma mpaka udaktari, akaajiriwa kwenye kituo cha kilimo nje kidogo ya mji, mahali penye ofisi nne za bati na mashamba ya majaribio yaliyogawanywa kwa kamba kama madaftari. Akakabidhiwa mbaazi. Kila aliyemjua alicheka, maana katika mazao yote hakuna lenye maringo ya kuchelewa kama mbaazi. Ilikuwa kama kumfungia mtu wa mbio na kobe katika chumba kimoja.

Lakini Chapchap hakuwa na mchezo na mbaazi, na sababu alikuwa baba yake.

Mzee yule macho yalipoanza kumsaliti aliiacha cherehani, akarudi kwenye shamba lake la mlimani. Huko alipanda mbaazi za kienyeji, zile za punje kubwa na tamu. Zilianza vizuri. Zilirefuka, zikanenepa majani, zikajaa shamba zima, na kila aliyepita njiani alimpongeza mzee. Shida ilikuwa kwamba zilipokuja kukumbuka kuchanua, mvua ilikuwa imekwisha zamani. Maua yalipukutika kwa ukavu, maganda yakatoka matupu, na mzee akaishia kuvuna kuni. Msimu baada ya msimu ikawa hivyo hivyo.

Mwaka ambao kazi ya Chapchap ilikuwa inakaribia mwisho, moyo ukamsumbua mzee, akalazwa. Chapchap alikaa pembeni ya kitanda, roho mkononi, na kwa kuwa yeye akiogopa huahidi, akaahidi.

"Baba, msimu ujao utapanda mbegu yangu. Itawahi. Utavuna mvua ikiwa bado inanyesha."

"Nimesikia," alisema mzee, bomba la oksijeni likiwa puani. "Muuguzi, wewe shahidi. Huyu akinigeuka, nakuita mahakamani."

Alipotoka hospitali akawa anapiga simu kila Jumapili. Hakuuliza habari za afya wala za watoto. Aliuliza swali moja: "Zimeshatoa maua?"

Sasa, ili mambo yaende sawa, itabidi tuzungumze kidogo kuhusu giza. Usikimbie, ni kidogo tu.

Mbaazi ya kienyeji haichanui kwa kuwa imekua. Inachanua kwa kuwa usiku umerefuka. Ndani ya chembe zake kuna jeni ambayo kazi yake ni kusikiliza giza: usiku ukiwa mrefu, jeni inaruhusu maua; usiku ukiwa mfupi, inasema ngoja kwanza. Ni mgeni yule asiyepata usingizi mpaka taa zote za nyumba zizimwe. Kuna mbaazi nyingine, ya mbali, yenye punje ndogo zisizo na ladha, ambayo jeni hiyo imeharibika. Hiyo haisikilizi chochote. Usiku uwe mrefu, uwe mfupi, yenyewe inachanua tu. Kazi ya Chapchap ilikuwa kuzioanisha hizo mbili, kisha kuchagua katika wajukuu na vitukuu mpaka apate mbegu moja yenye utamu wa ile ya kienyeji na ukaidi wa ile ya kigeni. Ni kazi ya miaka.

Neno hilo, miaka, ndilo alilokuwa haliwezi. Tangu mwanzo wa kazi alijenga banda. Kila siku saa kumi jioni, jua likiwa bado linachoma, vibarua waliivuta turubai nyeusi na kuifunika mimea yote gubigubi, ili idhani usiku umeingia mapema. Mimea ikadanganyika. Ikachanua upesi, ikazaa upesi, ikapandwa tena upesi, na kizazi kikafuata kizazi bila kupumua. Kazi ambayo wengine huifanya muda mrefu yeye aliikata nusu. Na kila mtu pale kituoni alikuwa na msemo wa kumwambia kuhusu watu wenye haraka. Hatutaurudia hapa, maskini, ameusikia vya kutosha.

Mbegu ikapatikana. Punje kubwa, tamu, na maua kabla hujamaliza kupalilia. Akaipanda kwenye shamba la majaribio karibu na uzio, akajaza karatasi zote, na mkuu wa kituo akaalika kamati ya kupitisha mbegu ije ione kwa macho yake. Kwenye bango la shamba Chapchap aliandika kwa herufi nyekundu: HAIJALI MAJIRA.

Hapo akaanza kuwaza wezi. Mwaka uliopita kuna mtu aliruka uzio na kuchuma maganda mabichi kwenye kona hiyo ya uzio. Chapchap akaenda kudai taa. Akaandika barua, akapiga simu, akasimama mlangoni kwa mkuu mpaka mkuu akashindwa kwenda chooni.

"Lakini mlinzi yupo," alisema mkuu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi na kikombe cha chai kisichoisha, aliyebakiza muda mfupi kustaafu na asiyependa makuu.

"Mlinzi ataona nini gizani? Nataka taa, mkuu. Na sitaki taa ya kuonea njia. Nataka taa ya kuonea sindano."

Akapewa. Fundi umeme akasimamisha nguzo pale konani na kutundika taa moja ambayo, ikiwashwa, kuku wa jirani waliamka. Chapchap aliipiga picha na kumtumia baba yake kwa furaha.

"Hiyo ni taa," mzee alimuuliza, "au ni jua la akiba?"

Wiki zikapita. Maua yakafika, na yalifika kama wageni wa harusi, yote kwa mkupuo. Shamba likawa la manjano kutoka mwanzo hadi mwisho, nyuki wakachanganyikiwa, na watu wa idara nyingine wakawa wanakuja kupigia picha pale wakati wa chakula cha mchana. Shamba lote, isipokuwa ile kona ya uzio. Pale kona mbaazi zilikuwa ndefu, nene, kijani kibichi, na hazikuwa na ua.

Chapchap hakungoja kufikiri. Alimwendea mlinzi moja kwa moja.

"Wewe, unakojoa pale?"

"Mimi?" Mlinzi alishika kifua. Alikuwa mtu mzima mwenye koti zito la jeshi alilolivaa jua likiwaka. "Daktari, mtu wa umri wangu, mwenye wajukuu, nikojolee utafiti?"

Akamwacha, akaenda kumkalia kooni mtu wa stoo kwamba wamemwaga mbolea nyingi mahali pamoja. Mtu wa stoo akaapa kwa mama yake. Akachota udongo, akaupeleka maabara, akasimama nyuma ya mpimaji akimpumulia shingoni. Udongo haukuwa na neno. Zilikuwa zimebaki siku chache kamati ije, na kona ile ilizidi kunawiri kwa dharau.

Alasiri moja mlinzi akaja ofisini kwake, kofia mkononi.

"Daktari, nina ombi. Ile taa ihamishwe kidogo. Inanitesa."

"Inakutesaje?"

"Inapiga kibandani moja kwa moja. Hata nikijifunika koti kichwani, usingizi hauji kabisa."

Mlinzi alisikia mwenyewe alichokisema, na uso ukamshuka.

"Nina maana macho, daktari. Huwa nayafumba macho ili masikio yasikie vizuri."

Siku nyingine yoyote mlinzi angemwaga unga palepale. Lakini Chapchap alikuwa amesimama, mdomo wazi, akimtazama bila kumwona.

"Usingizi hauji," alisema.

"Daktari, nimeshasema ni macho tu..."

Chapchap alikuwa ameshatoka mbio. Mlinzi akadhani anakwenda kumshtaki kwa mkuu, akamfuata nyuma akijitetea, akitaja idadi ya watoto wake na ada zao, mpaka wakafika wote wawili shambani wakihema. Hakukuwa na mkuu pale. Kulikuwa na mbaazi tu.

Akasimama chini ya nguzo na kuangalia. Zilizogoma hazikukaa mraba kama kitalu, wala hazikufuata mistari. Zilikaa nusu duara, na nguzo ilikuwa katikati. Alisubiri hapo mpaka jua lilipozama na taa ikajiwasha yenyewe kwa kishindo. Mwanga ukamwagika chini, na mwisho wake ukaangukia palepale majani yalipoishia na maua yalipoanzia, pamoja na ukanda mwembamba wa matumba yaliyokuwa yanasitasita katikati. Chapchap akakaa chini udongoni na sketi yake ya ofisini.

Kwanza alicheka. Alicheka mpaka machozi. Mtu mwenye shahada tatu za urefu wa usiku, kaandika barua mwenyewe, kapiga simu mwenyewe, kamzuia mkuu kwenda chooni, ili mimea yake inyimwe usiku! Mlinzi, alipoona anacheka, naye akacheka kwa heshima bila kujua kinachochekwa.

Kisha akaacha kucheka. Maana mbegu hii haikupaswa kujali. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, imeandikwa kwa herufi nyekundu pale pale mbele yake. Kama jeni ya kusikiliza giza ingekuwa imeondoka kweli, ungeliwasha hata jua lenyewe na isingestuka. Hii ilistuka. Ilikuwa imebeba jeni ile wakati wote, kizazi hadi kizazi, na hakuna aliyeigundua.

Alijua kwa nini kabla hata ya kumaliza kujiuliza. Turubai. Kila kizazi alikipa usiku mrefu wa kutengeneza, na kwenye usiku mrefu zote huchanua, inayosikiliza na isiyosikiliza. Alikuwa anatafuta nani anajua kuogelea kwa kuwasimamisha wote kwenye maji ya magotini. Hata shamba hili zuri alikuwa amelimwagilia msimu wa kiangazi, miezi ya usiku mrefu. Alichokichagua miaka yote ni mbaazi zinazokua upesi, basi. Na kuwahi kuna milango mingi. Yeye alifungua midogo na kuuacha ule mkubwa umefungwa.

Mlimani kwa baba yake mvua hunyesha miezi ya usiku mfupi. Angezipanda, zingejaa majani, watu wangempongeza njiani, na mvua ingeondoka. Safari hii ingekuwa kwa mbegu ya binti yake.

Ndani ya nusu duara ile aliona mimea michache, ya kuhesabika, iliyokuwa imechanua manjano chini ya taa bila aibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa viziwi kweli. Akaifunga kila mmoja utepe, na akaenda nyumbani bila kumuaga mtu.

Asubuhi alimweleza mkuu wa kituo kila kitu. Mkuu akaweka kikombe chini, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na mlinzi, lakini yeye anadhani ni habari za usingizi wake."

"Basi mwanangu, sikiliza." Akashusha sauti. "Taa tunaizima leo. Zile za kona tunazing'oa, tunasema ni panya. Kamati inaona shamba la manjano, inakunywa soda, inapitisha. Huku nyuma wewe unaendelea kurekebisha polepole. Nani ataumia?"

"Atakayepanda."

"Watapanda wangapi msimu wa kwanza? Wachache tu."

"Baba yangu ni mmoja wao."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kustaafu akiwa na picha moja ukutani yenye mbegu iliyopitishwa wakati wake. Alichukua tena kikombe.

"Mpe baba yako mahindi," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejua ameshindwa.

Usidhani Chapchap aliamua pale pale kishujaa. Hapana. Siku zile zilizobaki aliwaza panya sana. Alifika hadi kusimama kona ile na kushika shina moja, alione kama linang'oka kirahisi. Lilikuwa linang'oka kirahisi. Jumapili simu ikalia, baba akauliza, "Zimeshatoa maua?" naye akajibu, "Zimetoa, baba, shamba zima," na hiyo ilikuwa karibu kweli. Mzee akapiga ukelele wa furaha mpaka spika ikakwaruza. Chapchap alikata simu akajiona mwizi, mbaya kuliko yule wa maganda.

Kamati ikaja, watu watatu, mwenyekiti wao mama mmoja mkubwa wa umbo na wa kicheko, aliyekuwa amezalisha mbegu maisha yake yote na kuvaa gambuti nyeupe. Mkuu akawatembeza kwenye manjano. Wakapima, wakachuma, wakasifu punje. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na kona ilikuwa mbali, na njia ya kurudi kwenye soda ilikuwa upande mwingine.

"Kuna sehemu hamjaiona," alisema Chapchap. Mkuu akaanza kukohoa.

Akawapeleka chini ya nguzo. Mwenyekiti akaangalia lile pori la kijani.

"Na hapa mmepanda mboga?"

"Hapa ndipo nilipopanda ukweli, mama, bila kukusudia."

Akasema yote. Turubai akaisema, taa akaisema, bango akalisema. Alisema haraka kama kawaida yake, ila safari hii hakuna aliyemcheka. Alipomaliza, mwenyekiti alikuwa amechuchumaa akilikagua jani.

"Kwa hiyo unaiondoa mbegu yako mwenyewe?"

"Naiondoa."

"Unajua maana yake? Uanze na hii michache yenye utepe, uipande miezi ya usiku mfupi, na msimu huo huja mara moja tu kwa mwaka. Hakuna turubai itakayokusaidia."

"Najua, mama."

"Pole sana," alisema mwenyekiti, na alikuwa anamaanisha. Kisha akainuka, akaitazama ile taa, akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikasikika mpaka ofisini. "Lakini dada, taa! Wewe? Taa?" Chapchap naye akacheka, kwa sababu ungefanyaje.

Jumamosi akaenda kwa baba yake. Hakutaka kulisema jambo lile kwenye simu. Mama alimpokea mlangoni kwa minong'ono ya kushtaki: mzee hasikii la mtu, juzi ilikuwa siku ya kliniki akakataa kwenda, anasema ana shamba la kuandaa. Na kweli alikuwa ameliandaa. Lilikuwa limelimwa lote, matuta yamenyooka kama pindo la suruali, halina jani moja. Mzee alikuwa amekaa kibarazani akilitazama.

"Mama umefika!" Hivyo ndivyo alivyomwita bintiye akifurahi. "Mfuko uko wapi? Au uko kwenye gari?"

"Hakuna mfuko, baba."

Akamweleza. Alimweleza amesimama, kwa sababu kukaa kulimshinda. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza hakutania. Hilo ndilo lililomtisha Chapchap. Baba yake alitania msibani, alitania hospitalini akiwa na bomba puani; sasa alikuwa kimya, akitazama matuta yake.

"Nimewaambia watu wote," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mlima mzima. Kuna ambao hawajatafuta mbegu, wanasubiri ya binti yangu."

"Nisamehe, baba."

"Uliniambia zimetoa maua."

"Zilitoa. Lakini zisingetoa hapa kwako."

"Na ungeniletea tu? Ukanyamaza?"

"Ungepanda. Zingejaa majani."

"Na mimi ningejuaje kosa ni la nani?"

"Usingejua. Ungesema ni mvua."

Mzee akamwita mkewe aliyekuwa ndani, "Mama, viatu vyangu! Vile vya kutokea!" Chapchap akadhani anafukuzwa, au mzee anakwenda zake asimwone. Mzee akavaa viatu, akavuta fimbo, akashuka ngazi. "Njoo," alisema bila kugeuka.

Wakafika kwa jirani wa kwanza, mwalimu mstaafu aliyekuwa akinyoa ndevu uani.

"Hodi! Mwalimu, nina habari. Mbegu hakuna. Mwanangu kakosea!"

Chapchap aliomba ardhi ipasuke imeze hata gari lake.

"Kakosea vipi?" Mwalimu alisimama na povu shavuni.

"Sielewi vizuri, kuna mambo ya turubai. Ila kakosea sana, kakosea kitaalamu! Na kaja mwenyewe kuniambia. Sasa nakuuliza, mwalimu, mwaka ule tulipouziwa yale mahindi yaliyotuozea, kuna mtu alikuja kukuambia amekosea?"

"Hakuna."

"Hata kwa barua?"

"Hata salamu."

"Basi huyu ni wangu," alisema mzee, akimwelekezea fimbo binti yake kama mnunuzi aliyepata bidhaa halisi. "Tafuta mbegu nyingine mapema, bado muda upo. Kwaheri."

Wakaenda kwa mjane mfuga kuku, naye akaambiwa mwana kakosea. Wakaenda kwa mwenye duka. Kila mlango sauti ya mzee ilipanda, na kosa lilikua. Kufikia mlango wa mwisho mzee alikuwa ametia chumvi mpaka kamati nzima ilipigwa butwaa na mwenyekiti kulia machozi. Chapchap alitembea nyuma yake, uso ukimuwaka, akiamkia watu. Hakuwahi kumwona baba akijivunia kitu kiasi kile, hata udaktari wake.

Wakati wa kurudi mlima ulimshinda mzee. Akasimama, akashika kifua, akakaa kwenye jiwe la kando ya njia, pumzi zikimtoka kwa mafungu. Chapchap akapiga magoti mbele yake.

"Sijambo," alisema mzee. "Nimechoka tu kukusifia. Sasa niambie bila kunipaka mafuta. Itachukua muda gani, hiyo ya kweli?"

"Miaka mitatu, baba. Labda minne."

"Huwezi kuiharakisha?"

"Hapana, baba. Hii haiharakishwi."

Mzee akatazama bondeni. Alikuwa anapiga hesabu, na binti yake alijua ni hesabu gani.

"Mimi nilishajipanga," alisema mzee. "Nile zako msimu huu, halafu nife zangu kwa amani, tumbo likiwa limeshiba. Umenivuruga, ujue. Sasa itabidi nisife."

Chapchap alilia pale pale, kwikwi kama mtoto.

"Usilie barabarani, watu watadhani nimekupiga." Mzee alimfuta shavu kwa kiganja chenye udongo, akazidi kumchafua. Akavuta pumzi mara mbili tatu. "Ile kliniki niliyoikosa, wanaruhusu mtu kwenda siku nyingine?"

"Wanaruhusu, baba."

"Basi Jumatatu unipeleke," alisema mzee, akamshika bega ili ainuke.